Saa Iliyokuwa Ikitembea

Bologna, 10 Februari 2019

Mdogo wangu Ermes,

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba. Mitambo ya joto imezimika tangu juzi na fundi anasema kesho, na kesho yake hiyo naijua. Theluji ilianguka kidogo Alhamisi, ikayeyuka kabla watu hawajapata la kusema. Mwanangu Milva hajambo. Bado anafundisha watu kuogelea, bado hajaolewa, na ukimwandikia usimwulize. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maoni yake kuhusu kila ngazi. Jumapili nilipika supu ya tambi za tortelini, nikajikuta nimeandaa sahani tatu badala ya mbili. Milva akauliza, "Ya nani hiyo?" Nikamwambia ya paka. Paka hatuna.

Na wewe je, huko kisiwani kwako? Nyuki wamevuka baridi salama? Unakula kitu chochote zaidi ya jibini? Ningekupigia simu kama watu wengine, lakini sikio lako la kulia lilikufa siku ile na la kushoto nalo limeanza kudai pensheni. Mara ya mwisho nilipokupigia, jirani yangu Zaira aligonga ukuta akidhani napigana na mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba huu ni mwaka wa ishirini nawapeleka wanafunzi kwenye kituo cha treni. Nawasimamisha kwenye kile chumba cha kungojea, mbele ya ukuta wenye majina, nawaonyesha shimo sakafuni na ufa ukutani, nawaeleza kwamba watu themanini na watano walikufa hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya sanduku, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, wengi wao wakienda likizo. Halafu nawatoa nje nawaonyesha saa, ile iliyosimama saa nne na dakika ishirini na tano na isisogee tena. Na kila mara nawasimulia habari zako. Nawaambia, mdogo wangu alikuwa na tiketi ya kwenda Rimini, amepata kazi hotelini, lakini mtu huyu tangu azaliwe hajawahi kuwahi mahali. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili. Siku hiyo pia alichelewa, bomu likamkuta ndiyo kwanza anafika, na ndiyo maana leo yuko Sardinia anafuga nyuki. Watoto hucheka.

Septemba watanibadilisha goti. Baada ya hapo nitamwachia mtu mwingine kazi hii, nimeshasema. Kwa hiyo tarehe mbili Agosti ijayo ndiyo ya mwisho kwangu kutembea na watu kwenye maandamano ya kumbukumbu, kutoka uwanjani hadi kituoni. Nataka uje, Ermes. Miaka thelathini na tisa sijakuomba. Uje tu unishike mkono, na tuingie wote wawili kwenye chumba kile, mara moja.

Milva anakusalimu.

Dada yako,
Argia

---

Gavoi, 3 Machi 2019

Dada Argia,

Barua yako haikuchelewa. Mimi ndiye niliyeiweka kabatini chini ya kopo la sukari. Kila nilipotaka kutia sukari kwenye kahawa nikawa naiona, mwishowe nikaanza kunywa kahawa chungu. Leo asubuhi nimeona huu ni upuuzi, nimekaa chini.

Nyuki wamepona. Mizinga miwili tu ndiyo iliyokufa, na yote miwili ilikuwa dhaifu tangu vuli. Huku siku hizi ukungu unashuka mpaka chini, nami hutembea kati ya mizinga bila kuiona, naifuata kwa sauti. Kwa sikio moja ni kazi, maana sikio moja halikuambii sauti inatoka upande gani. Basi hugeuka huku na huku, nazunguka mahali pamoja, na jirani yangu Bachisio akiniona anasema leo tena unacheza na bibi harusi wa ukungu. Sikio lililokufa nalo lina nyuki wake. Hawalali hao. Wakati mwingine nasimama nisijue ninaowasikia ni wa nje au wa ndani, na sioni sababu ya kuharakisha kujua.

Nakutumia chupa ya asali chungu, ile ya maua ya mwisho wa mwaka. Usiitie kwenye chai ukaanza kunitukana. Uile kwa jibini, kidogo kidogo.

Goti lako linanisikitisha. Wakupe la chuma zuri.

Habari ya Agosti, dada, Agosti ni mwezi mgumu kwa mizinga. Joto likizidi nta inalegea, lazima mtu awepo. Tena nilishakuja. Sikuwahi kukwambia. Ilikuwa Oktoba mwaka themanini na saba. Nilivuka bahari hadi Livorno kununua vifaa vya nyuki, na asubuhi yake miguu yenyewe ikanipandisha basi la kwetu. Nilifika jioni. Nikasimama ng'ambo ya uwanja wa kituo, penye mabasi. Jua lilikuwa linazama juu ya mapaa, na saa ile ilikuwa bado asubuhi, saa nne na dakika ishirini na tano. Nikaitazama mpaka taa zikawaka. Ndani sikuingia. Nikapanda basi nikarudi.

Basi nihesabie kwamba nilikuja.

Mdogo wako,
Ermes

---

Bologna, 15 Machi 2019

Ermes wangu,

Nimelia, nimecheka, nimekutukana, yote kabla ya chakula cha mchana. Ulikuja! Dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni kwangu, na usije? Mwaka themanini na saba mume wangu Vanes alikuwa bado hai, angekufungulia chupa ya mvinyo hata kabla hujavua koti. Lakini nimekusamehe, maana umenipa kitu. Jumanne nilikuwa na darasa kutoka Imola, nikawaambia maneno yako: jua linazama na saa bado ni asubuhi. Mwalimu wao akatoa daftari akaandika.

Asali yako ni chungu kweli. Zaira ameionja akasema ni dawa ya minyoo. Mimi naila kila siku.

Aliyeweza kusimama nje anaweza kuingia ndani, ni hatua thelathini. Nilizihesabu jana. Mizinga mwachie huyo Bachisio, kwa kuwa mdomo anao, mikono pia atakuwa nayo. Niandikie tarehe ya meli.

Argia

---

Bologna, 29 Aprili 2019

Ermes,

Hali ya hewa ni nzuri. Milva mzima. Mimi mzima. Salamu zimeisha.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya ukombozi, tukala pamoja uani, meza moja ndefu ya jengo zima. Alikuwepo Learco, yule fundi wa saa za reli aliyestaafu, unamkumbuka, mwenye masikio makubwa. Nikasimulia habari zako na ile saa. Learco akaweka uma chini.

"Argia, themanini na saba ile saa ilikuwa inafanya kazi."

"Learco, umezeeka."

"Nimezeeka ndiyo, lakini nani alikuwa anapanda ngazi kuitia mafuta, wewe au mimi? Tuliitengeneza muda mfupi baada ya bomu. Ikatembea miaka kumi na sita. Tisini na sita ikaharibika, ndipo wakaamua ibaki saa nne na dakika ishirini na tano moja kwa moja."

Nilibisha. Meza nzima ilibisha pamoja nami. Zaira aliapa kwa roho ya mama yake. Mwenye duka la mikate akasema anapita pale kila siku ya Mungu, saa ile haijawahi kusogea. Learco alipanda kwake akarudi na picha. Ni ya mwenzake siku ya kustaafu, wamesimama uwanjani na keki, na nyuma yake imeandikwa Juni 1987. Saa iko juu ya vichwa vyao. Inasema saa kumi kasoro dakika kumi.

Nikahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Basi hukuja. Ulisikia habari za saa kama wanavyozisikia watu wote, ukakaa huko na nyuki wako ukanitungia hadithi tamu, ili nikuache. Nami nikaibeba nikawalisha watoto wa Imola. Ungesema tu "sitaki". Neno moja, Ermes. Mimi si mtu wa kutungiwa hadithi. Nilikuosha uso wako mpaka ulipofika miaka sita.

Nitatembea na Milva Agosti. Usijisumbue na meli.

Argia

---

Gavoi, 9 Juni 2019

Dada Argia,

Mwezi uliopita nilikutumia chupa ya asali bila barua. Nadhani ulielewa kwamba sikuwa na barua. Natumaini goti limetulia kwa kuwa joto limeingia, na natumaini Milva ameacha kukugombeza kuhusu ngazi. Hapa nyuki walianza kuhama wiki iliyopita. Kundi zima lilitoka mzingani likaning'inia kwenye mtini wa Bachisio, naye akapanda juu ya gari lake akapiga kelele niende nikamwondolee "jamaa zangu". Niliwaondoa kwa mikono mitupu. Wakihama huwa hawaumi, wameshiba, wako kama watu waliolala macho wazi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Namwamini Learco. Kama alipanda ngazi, alipanda ngazi. Sijui basi saa ilikuwa inasema nini jioni ile. Nikifumba macho naiona saa nne na dakika ishirini na tano, wazi kabisa, na jua limepiga kwenye kioo chake. Lakini nilikuja, dada, na nilikuona.

Ulitoka mlangoni pa kituo kwenye saa kumi na mbili hivi, pamoja na watu waliokuwa wanarudi kutoka kazini. Ulikuwa umevaa lile koti la kijani, kifungo cha pili hakipo, umefungia pini. Mkononi ulikuwa na mfuko wa kitunguu cha majani, majani yametokeza juu. Ulisimama chini ya saa. Uliinua macho ukaitazama, halafu ukaiinamia saa yako ya mkononi ukaizungusha kidogo, ukaenda zako. Nikajificha nyuma ya basi. Nilijiuliza kwa nini dada yangu anarekebisha saa yake kwa saa iliyokufa. Nikaona huzuni imekuchanganya akili, na kosa ni langu, na nikashindwa kuvuka uwanja kuja kwako. Huo ndio ukweli wa Oktoba ile, na sina mwingine.

Sasa mzinga nimeshaufungua, acha nitoe yote.

Unakumbuka saa ya jikoni kwa mama? Aliiweka mbele robo saa kwa ajili yangu, kwa sababu ya uchelewaji wangu. Asubuhi ile sikukumbuka hilo. Nilikuwa na kazi ya kwanza maishani, shati jipya, mkate wako wa soseji ya mortadela mfukoni. Nilitoka mbio. Nilifika kituoni saa tatu na dakika arobaini, na treni yangu ilikuwa ya saa tano kasorobo. Chumba kilikuwa kimejaa. Watu walikuwa wanajipepea kwa magazeti, mahali pote pananuka mafuta ya kujipaka jua, na bwana mmoja alikuwa anagawa pichi kutoka kwenye kikapu kwa watu asiowajua. Nilipata nafasi kwenye benchi, karibu na ukuta. Nikasinzia. Ilikuwa raha, Argia. Nikiota siku hizi huota kusinzia kule, magazeti yakipepea pande zote, na sitaki kuamka.

Nilipofumbua macho alikuwepo mwanamke amesimama mbele yangu na mtoto wa kike, labda wa miaka mitano. Mtoto alikuwa na boya la kuogelea kiunoni, limeshajazwa upepo. Nadhani alilivaa tangu nyumbani. Nikasimama. Mwanamke akasema, "Kaa tu, kijana, sisi tumezoea kusimama." Nikamwambia, "Keti mama, dada yangu akisikia ataniua."

Nilisema hivyo, neno kwa neno. Akacheka, akaketi, akampakata mtoto, boya likawasumbua wakacheka tena. Mimi nikatoka kwenda kunywa maji kwenye bomba la kwenye jukwaa la treni. Nikainama kunywa. Basi, ndivyo nilivyopona. Niliinama.

Jina lake silijui. Ukutani kwenu kuna majina na pembeni pameandikwa umri. Ninachoogopa ni umri, si majina. Labda walitoka. Labda mtoto alitaka aiskrimu. Labda treni yao ilifika. Miaka thelathini na tisa naishi kwa hiyo labda, na siku nitakapousoma ukuta ule sitakuwa nayo tena.

Siku zile mezani nyumbani mlisema nilichelewa, mkacheka, nami nikacheka nanyi kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema. Sikuchelewa, dada. Mara moja tu maishani mwangu nilikuwa nimewahi.

Ermes

---

Bologna, 24 Juni 2019

Mdogo wangu,

Milva yuko kazini, Zaira nimemwambia naumwa kichwa, mlango nimefunga. Sijambo. Nimekaa na barua yako mezani na saa yangu ya mkononi pembeni yake.

Saa hii Vanes alinipa tulipooana, na tangu siku ya kwanza ilikuwa inachelewa dakika mbili tatu kwa siku. Kila jioni nikitoka kwenye treni ya kiwandani nilikuwa naiweka sawa kwa saa ya kituo. Kila jioni, Ermes, miaka yote ile. Nilikuwa nimesahau kabisa. Barua yako ndiyo iliyonirudishia shingo yangu ikiinuka na kidole changu kikizungusha. Halafu miaka ishirini nimewaambia watoto kwamba saa ile haikusogea tena tangu siku ile, na ningekula kiapo mahakamani. Nilikuita mwongo kwa jambo ambalo mimi ndiye niliyekuwa nadanganya bila kujua, na shahidi wangu nilikuwa nimemvaa mkononi.

Na koti lilikuwa la kijani. Na kifungo hakikuwepo. Nisamehe.

Nimekwenda kwa Learco nikamwambia yeye ndiye alikuwa sahihi. Akajibu, "Mji mzima tuliisimamisha kwa macho, Argia. Mimi mwenyewe nikiota, imesimama." Mtu aliyekuwa anaitia mafuta!

Sasa lile jingine. Sijui namna ya kuliandika kwa adabu, nitaliandika hivi hivi. Kusimama kumpisha mwanamke nilikufundisha mimi. Nilikupiga kofi kwenye basi ulipokuwa na miaka saba kwa sababu ulikaa na mama mwenye mimba amesimama. Kama huo ni mzigo, basi una mishikio miwili, na wa pili ni wangu. Nimeushika tangu leo. Lakini mimi sioni kwamba uliua mtu. Naona kwamba mtu alikuwa amechoka, ukampa kiti. Aliyeua ni aliyeleta sanduku.

Ukuta ule naujua kwa moyo. Majina yote, na umri wote. Nikifumba macho naweza kukusomea kutoka juu hadi chini. Sitakuambia kitu. Hiyo "labda" ni yako na sitaiondoa mkononi mwako. Siku ukiuliza nitajibu, na usipouliza nitakufa nayo na sitakulaumu.

Wala sikuombi tena uje. Watoto sitawaambia tena kwamba ulichelewa.

Kula vizuri.

Dada yako,
Argia

---

Gavoi, 19 Julai 2019

Dada,

Sote wazima. Joto ni kali, nta inashika bado.

Bachisio ataangalia mizinga. Ameniuliza mara tatu kama nyuki wananijua kwa harufu, nadhani anataka kuvaa koti langu. Meli inafika Livorno Jumatano asubuhi, tarehe thelathini na moja. Kutoka hapo nitapanda basi, si treni. Usije kunipokea kwa goti hilo.

Usiniandalie maneno ya kusema mbele ya watu. Andaa ile sahani ya tatu.

Ermes

---

Bologna, 12 Agosti 2019

Ermes wangu,

Nyumba ni tulivu tangu ulipoondoka, na Zaira analalamika kwamba hakuna tena mtu wa kumgongea ukuta. Milva amekula asali yako yote, kijiko kwa kijiko, akiwa amesimama mbele ya friji. Anasema mjomba wake ana mikono kama ya babu. Umefika salama? Bachisio ameumwa na nyuki wangapi?

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hapa. Nilitaka kukuambia kituo cha basi, halafu ukanipa upande wa sikio bovu na watu walikuwa wengi. Afadhali hivi.

Tulitembea vizuri, sivyo? Ulinishika mkono barabara nzima, na watu madirishani walipiga makofi. Filimbi ya treni ya kuanzisha ukumbusho ilipolia, ukageuza sikio lako zima upande wake, ukafumba macho. Dakika ile ya kimya sikuitazama saa. Nilikutazama wewe.

Halafu watu wakatawanyika, tukangoja mpaka pakawa pa kawaida, wasafiri na masanduku yao, tukaingia. Hatua thelathini. Uliketi umeupa ukuta mgongo. Sikukuuliza na sitakuuliza. Tulikaa tu, mimi na wewe, kama watu wanaosubiri treni. Palikuwa na joto. Mzee mmoja alikuwa anajipepea kwa gazeti, nikaona umeanza kusinzia, nisijue nikuamshe au nikuache.

Ndipo akaingia yule mwanamke na masanduku mawili na mvulana mdogo mwenye usingizi. Benchi zote zimejaa. Ulikuwa umesimama kabla hajafika katikati ya chumba. Ukasema, "Keti, mama." Akasema ahsante bila hata kuinua macho kwenye simu yake, akaketi, akampakata mtoto. Nikakuona umekuwa mweupe kama ukuta. Ukasema, "Naenda kunywa maji," ukatoka.

Nilikukuta nusu saa baadaye kwenye mabasi, shati na fulana ya ndani vimelowa. Tukarudi nyumbani tukala, ukamaliza sahani, ukaniomba nyingine. Basi nilidhani imetosha.

Lakini nimekaa siku hizi nikifikiri, wewe ulitoka tena. Mara mbili maishani umempa mtu kiti, ukatoka, na mara zote mbili hukuona kilichofuata. Mimi nilibaki. Nilihamia kwenye kiti cha jirani yake nikamkodolea macho yule mwanamke, sikupepesa, utadhani nimeambiwa nimlinde. Mwishowe akaniuliza, "Mama, tunafahamiana?" Nikamwambia, "Hapana binti yangu, endelea tu." Akavuta sanduku karibu yake. Alidhani mimi mwizi.

Mtoto akalala. Akaamka akataka maji, akapewa. Wakatangaza treni ya Rimini. Mama akanyanyuka, nami nikanyanyuka. Niliwafuata kwenye jukwaa na goti langu hili, nikiliomba lisinifanyie maskhara leo. Walipanda behewa la tatu. Walipata viti upande wa dirisha. Mtoto alibana pua kwenye kioo akaniona, akanitolea ulimi. Milango ikafungwa. Nikasimama pale mpaka nisione tena hata taa ya nyuma.

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba, na mshale wa sekunde ulikuwa unatembea.

Ulimpa kiti, Ermes, akapumzika, treni yake ikafika, akaondoka na mwanawe kwenda baharini. Niliona kwa macho yangu. Nimekuandikia ili na wewe ujue.

Dada yako,
Argia